Sakafu ya Upande wa Pili

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni. Fundi cherehani, mpangaji wetu wa kwanza, alikuwa amelala chali katikati ya sebule yake, mguu umekaa mahali ambapo mguu haukai, nami nimesimama na gauni nililompelekea apunguze kiuno.

Leo nawaambia yaliyofuata. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, maana hata mimi mwenyewe sijajua nijihukumu vipi.

Kwa anayekutana nami leo kwa mara ya kwanza: nyumba yetu ina pande mbili, ukuta mmoja katikati. Aliijenga baba. Upande mmoja tunaishi mama na mimi. Upande wa pili, ambako tulikuwa tukikaa baba alipokuwa hai, tumeamua kuupangisha, maana bila kodi yake hatuna pengine pa kushika. Mama hakutaka hata kuuvuka mlango ule tangu msiba. Kwa hiyo kazi ya kuutengeneza niliachiwa mimi, msomi wa familia, ninayefanya kazi maktaba na kunong'ona hata nikiwa sokoni. Mimi ndiye niliyechagua vigae vya sakafu.

Na vigae hivyo ndivyo vilivyomvunja fundi cherehani nyonga.

Ndivyo nilivyoamini.

Hospitali nilimkuta binti yake amesimama nje ya wodi. Mwanamke mrefu, mabega mapana, mkoba mkubwa begani. Nikamsalimu. Hakuitikia.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Ni mama. Mimi ni mtoto wake."

"Basi sikiliza, mtoto wa mwenye nyumba. Mama yangu si mtoto anayejifunza kutembea. Anasema sakafu ile ilikuwa na mafuta."

"Mafuta?"

"Inateleza kama samaki aliyetoka majini. Kuna mtu aliipaka."

"Nani apake mafuta sakafuni?"

"Ndilo ninalotaka kujua." Akainama hadi uso wake ukawa karibu na wangu. "Na nikimjua, hatutazungumza kwenye korido. Tutazungumza polisi."

Nilitoka pale. Nje nilikaa kwenye ngazi, nikajifanya natafuta kitu kwenye pochi, ili wapita njia wasione ninavyotetemeka.

Jioni baba mdogo alikuja. Huyu ni mdogo wake baba. Hapigi hodi. Huanza kuongea akiwa getini na akifika kwenye kiti tayari yuko katikati ya hoja.

"Mafuta, mafuta! Yule ana cherehani, cherehani ina mafuta, kayamwaga mwenyewe. Lakini hata bila mafuta, vigae gani vile ulivyotuwekea? Nilikwambia zulia la plastiki. Ulinisikiliza?"

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Ulinisikiliza?"

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, anajishika kiuno. "Shemeji, mwache mtoto. Amefanya alivyoweza."

"Simsemi vibaya, shemeji. Nasema tu nyumba ya marehemu kaka yangu isigeuzwe uwanja wa watu kuvunjikia viuno." Akanigeukia. "Nipe ufunguo wa upande ule. Nitausimamia mimi."

Sasa, mimi siwezi kumwambia mtu mzima hapana. Neno lenyewe huwa linafika hapa kooni, linageuka. Nikasema, "Nitakuletea, baba mdogo." Sikumletea. Hiyo ndiyo hapana yangu.

Lakini alivyoutazama mlango ule wakati anatoka, alivyojaribu kitasa chake kana kwamba anapita tu, sikusahau.

Tulivibomoa vigae vya zamani. Fundi tuliyempata anaitwa Pimamaji, kwa sababu kile kipimo chake chenye kiputo hakitoki mfukoni. Watu husema hata kitanda chake alikipima kabla ya kulala. Alikaa chini akagonga tindo, akageuza kipande kimoja mkononi.

"Dada, hivi mbona vinaponyoka kama sabuni?"

"Ni mafuta ya cherehani," nikasema. Nilikuwa nimeshayakubali maneno ya baba mdogo. Mtu mwenye hofu hukubali lolote linalokuja na sauti kubwa.

Tukaenda dukani mimi na yeye. Vigae vimepangwa ukutani kuanzia chini hadi juu, vyeupe, vya maua, vyenye mistari ya kuiga mbao, vinang'aa hadi nikaona uso wangu umejirudia kila mahali, umetoa macho kama wa mtu anayekimbizwa.

"Haya, chagua," Pimamaji akasema.

Nikaogopa hata kunyoosha kidole.

"Zulia la plastiki je?"

"Litakaa vizuri mwezi wa kwanza. Halafu pembe zitajikunja, mpangaji ajikwae, urudi hapa unalia."

"Mbao?"

"Mpangaji akifulia ndani, zinavimba. Na atafulia ndani. Wote hufulia ndani."

"Tuache saruji tupu."

"Itamwaga vumbi mpaka kwenye chakula." Akanitazama kwa huruma. "Dada, sakafu ya nyumba ya kupangisha ni kama kiatu cha shule. Usiulize kinapendeza vipi. Uliza kitavumilia nini."

"Mimi naomba kitu kimoja tu. Kisimwangushe mtu."

Basi nikafanya jambo ambalo katika maisha yangu ya kawaida nisingelifanya hata kwa fimbo. Nilimwomba muuzaji maji. Nikaomba na sabuni ya vyombo. Nikapanga vigae chini mbele ya watu wote, nikavimwagia maji ya sabuni, nikavua viatu, nikaanza kuvipanda kimoja kimoja huku nimemshika Pimamaji bega.

Wateja wakaacha kununua. Mmoja akasogeza ndoo akaikalia.

"Dada," muuzaji akasema, "unanunua kigae au unakiposa?"

"Mwacheni," akadakia aliyekalia ndoo, "anataka kujua tabia yake kwanza."

Walicheka mpaka mmoja akajishika mbavu. Siku nyingine ningekufa kwa aibu papo hapo. Siku hiyo aibu haikupata nafasi, maana hofu ilikuwa imejaa hadi juu. Niliteleza kwenye cha kwanza. Nikateleza kwenye cha maua. Nikateleza kwenye kile cha kuiga mbao, Pimamaji akanidaka kwapani. Kisha nikapanda kimoja cha rangi ya majivu, kikavu usoni, kina mikwaruzo midogo kama msasa uliochakaa. Nikasugua mguu. Haukwenda popote. Nikaruka. Haukwenda.

"Hiki," nikasema, na machozi yakanitoka.

"Hicho kibaya, dada," muuzaji akasema kwa uaminifu. "Hakina mng'aro hata wa dawa."

"Ndiyo maana nakitaka."

Nilipomwonyesha mama kipande kimoja, alikipitishia kidole polepole. Mnapaswa kujua kwamba sakafu ya baba ilikuwa ya saruji nyekundu, na mama aliing'arisha kwa mikono yake miaka yote ya ndoa yake. Majirani walikuwa wakija kuitazama.

"Mbona kama hakijaoshwa?" akauliza.

"Ndivyo kilivyo, mama. Hakitelezi."

"Nani atakipenda?"

Nililia pale pale mbele yake, kilio cha kipumbavu, cha mtu aliyechoka kuota mguu uliovunjika. Mama akaniweka kichwa mapajani, akanipapasa nywele. Laiti ningaliuliza alikuwa anawaza nini.

Mpangaji wa pili akaja. Mwalimu. Nilipomwona getini moyo uliniruka: tumbo lilikuwa mbele yake kama mtu aliyebeba ngoma. Mume wake yuko kazini mbali, na yeye alitaka mahali karibu na shule yake mpaka ajifungue.

Nilijitahidi kumfukuza. Ndiyo, mimi, ambaye kodi yake tulikuwa tunaihitaji kama pumzi.

"Mwalimu, labda upate mahali pengine. Hii sakafu... ile iliyokuwepo ilimwangusha mtu."

"Iliyokuwepo. Na hii?"

"Hii bado."

"Bado haijamwangusha, au bado hujajua?" Akacheka, akavua viatu, akatembea mpaka dirishani na kurudi, akakanyaga kwa nguvu kama anayeua mende. "Dada yangu, hapa hata mbuzi aliyelewa hatelezi. Napachukua."

Nikampa ufunguo mmoja. Mwingine nikabaki nao mimi. Hakukuwa na wa tatu, au ndivyo nilivyodhani.

Siku za mwanzo nilimsikia kupitia ukutani akitembea, tap, tap, tap, hatua nzito za mjamzito, na kila hatua niliisikiliza nikiwa nimeshika pumzi. Hakuna kilichotokea. Nikaanza kulala. Nikaanza hata kula vizuri. Mama naye alionekana mchangamfu kuliko nilivyomwona tangu msiba, ila kiuno tu ndicho kilichokuwa kikimsumbua, na baba mdogo alikuwa akimletea dawa ya kuchua.

Halafu mchana mmoja, nikiwa ndio kwanza natoka kazini, mwalimu akaniita. Hakuita kwa sauti ya kawaida.

"Dada. Njoo. Njoo taratibu. Usikimbie."

Nilimkuta ameushika mlango wa chumba kwa mikono yote miwili, kijasho kinamtiririka. Kiatu chake kimoja kilikuwa upande ule wa sebule.

"Nimeteleza," akasema. "Nimedaka mlango. Kama si mlango..." Akashika tumbo. Hakumaliza.

Nilipiga magoti. Nikagusa kigae, kile kile nilichokipanda kwa maji ya sabuni mbele ya watu dukani. Kidole kilikwenda chenyewe, kikateleza mpaka ukingoni. Ile mikwaruzo ilikuwa imefunikwa na utando mwembamba, laini.

Na kulikuwa na harufu.

"Unasikia?" mwalimu akauliza.

"Mafuta ya taa."

"Mimi napikia gesi, dada. Humu ndani sina hata kibatari."

Fundi cherehani alikuwa na jiko la mafuta ya taa. Kwake harufu ile isingemshtua mtu. Kwa hiyo binti yake alisema kweli. Kuna mtu aliingia na kupaka. Na mtu anayebeba mafuta ya taa mpaka ndani ya nyumba ya mwenzake, safari moja anapaka. Safari nyingine je? Si atawasha?

Niliiona nyumba ya baba ikiwaka, na mwalimu yumo ndani na tumbo lake.

"Nani ana ufunguo?" akauliza.

"Wewe na mimi."

"Basi ni wewe, au ni jini."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Tulipasugua mahali pale kwa maji ya moto mpaka vidole vikatuvimba, yeye amekaa kwenye kiti, mimi chini. Mikwaruzo ikarudi. Nikamwapia kwamba nitamjua mtu huyo. Akanijibu kwamba Jumamosi anahama, ajulikane asijulikane.

Usingizi uliniishia. Nilimfikiria mtu mmoja tu. Nani alitaka ufunguo? Nani alijaribu kitasa? Nani angefaidi wapangaji wakitukimbia wote, mpaka mama achoke na kumwachia upande ule? Na nani alikuwa akija hapa mchana, mimi nikiwa kazini, eti analeta dawa ya kiuno?

Nikafanya jambo ambalo nalijutia mpaka kalamu hii inateleza mkononi. Nilimpigia binti wa fundi cherehani.

"Ulikuwa na haki," nikamwambia. "Kuna mtu anapaka. Na nadhani namjua."

"Nani?"

"Njoo kesho asubuhi. Simama ng'ambo ya geti letu, mahali asipokuona. Mwalimu ataondoka kama kawaida. Mimi nitaaga naenda kazini, halafu nitajificha ndani. Ukiona mwanamume anaingia upande ule, mfuate."

"Wewe, mnong'onaji," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea kidogo, "kumbe una moyo."

Sikuwa na moyo. Nilikuwa na hofu tu, imezidi mpaka inafanana na moyo.

Asubuhi nikamuaga mama. Alikuwa anakunywa chai. Akaniambia nifunge koti, kuna upepo. Nikazunguka nyuma, nikaingia upande wa pili kwa ufunguo wangu, nikajifungia kwenye chumba cha mwalimu na kusimama nyuma ya mlango, nguo zake za uzazi zinaning'inia usoni kwangu.

Nilikaa mle mpaka miguu ikafa ganzi. Friji ilinguruma, nikaruka. Bati lilialika, nikaruka tena. Nilikuwa nimeanza kujiambia kwamba leo haji, niende zangu kazini, ndipo nikasikia.

Ufunguo.

Haukukwaruza. Haukubahatisha. Uliingia na kuzunguka kama ufunguo unaoijua kufuli yake. Mlango ukafunguka taratibu, ukafungwa taratibu. Kitu cha bati kikawekwa chini, *ting*. Harufu ya mafuta ya taa ikapita chini ya mlango ikanifikia miguuni.

Nilitaka kupiga kelele. Sikuweza. Nilitaka kumpigia simu binti wa fundi cherehani, vidole vikakataa. Nikasikia mkwaruzo laini, unaenda, unarudi. Unaenda, unarudi. Na katikati ya mkwaruzo huo, mtu anaimba kwa puani.

Nikausogeza mlango kiasi cha jicho moja.

Niliona kisigino. Niliona kitambaa kikizunguka sakafuni. Niliona kopo la maziwa ya unga, ndani yake kitu cheupe kizito. Kisha aliyekuwa amepiga magoti akajinyoosha, akajishika kiuno, akasema peke yake, "Haya sasa. Ujione uso."

Alikuwa mama.

Sijui nilitoka vipi chumbani. Najua tu nilijikuta nimesimama mbele yake na nguo ya mwalimu imening'inia begani.

"Yesu na Maria! Mtume!" mama akapiga kelele, akiwaita wote kwa mpigo. "Wewe mtoto, unataka kuniua? Si umekwenda kazini?"

"Mama. Unafanya nini?"

Akaangalia kopo. Akaangalia sakafu. Kisha akatabasamu, lile tabasamu la mtu aliyekutwa akifunga zawadi.

"Nilitaka usijue. Nimeyeyusha vipande vya mishumaa kwenye mafuta ya taa, kama nilivyokuwa nikifanya zamani. Vigae vyako vimepauka, mwanangu. Nilikuona ulivyolia. Nikasema, wapangaji watavikimbia hivi, mtoto wangu afedheheke. Acha nimsaidie kimyakimya."

"Ufunguo umeutoa wapi?"

"Wa baba yako. Ulikuwa kwenye koti lake." Akapapasa kifua, mahali alipouning'iniza kwa uzi. "Mara ya kwanza nilikaa hapo mlangoni nikalia. Nilipoanza kupaka, nikaona kama yumo. Kama atatoka chumbani aseme, leo umeipata."

Kooni kwangu kulikuwa na swali moja. Nilijua jibu lake. Nililiuliza hata hivyo, na nilitamani liangukie njiani lisimfikie.

"Mama, na wakati wa fundi cherehani? Ulikuwa unapaka pia?"

"Kila alipokwenda sokoni. Vile vyako vya kwanza vilikuwa afadhali kidogo, lakini navyo vilikuwa vimefifia." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Maskini yule mama. Lakini usijilaumu, mwanangu. Ulikuwa hujui kuchagua vigae. Sasa umejua."

Alikuwa ananifariji. Mnaelewa? Yeye, na kile kitambaa mkononi, alikuwa ananifariji mimi.

Ningemwambia nini? Kwamba yale mapenzi yake ndiyo yaliyomlaza mwenzake hospitali? Kwamba mikono aliyompakia baba sakafu miaka yote imevunja mfupa wa mtu, na nusura ivunje viwili kwa mpigo, mama na mtoto aliye tumboni? Tangu baba afe sikuwahi kumwona mama akiimba. Na ndiyo kwanza nilikuwa nimemsikia.

"Mama," nikasema, "inuka. Nipe hilo kopo. Twende kwetu, upesi."

"Nimalizie pale dirishani."

"Mama, nakuomba! Kuna mtu anakuja."

"Nani?"

Sikupata nafasi. Nje kulizuka kelele, viatu vikiburuzwa, na sauti ya baba mdogo ikifika kabla yake kama kawaida.

"Niache! Nakwambia niache! Nimemletea shemeji dawa ya kiuno! Hii hapa, chupa hii, inuse!"

"Ingia ndani utanusia huko!"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Binti wa fundi cherehani alikuwa amemkamata baba mdogo ukosi wa shati kama mtu aliyebeba paka. Mguu wa kwanza wa baba mdogo ulikanyaga kigae, ukateleza, akazunguka, akamkumbatia yule yule aliyemkamata ili asianguke.

"Mungu wangu!" akasema, amemng'ang'ania shingoni. "Hii si sakafu, ni barafu!"

"Unaona?" binti akaniambia, macho yanawaka. "Nimemkuta anachungulia dirishani. Huyu ndiye?"

"Nilikuwa namtafuta shemeji!" baba mdogo akalia. "Upande wao hayupo!"

Binti hakumsikiliza. Alikuwa ameliona kopo. Liko sakafuni, kati ya mama na mimi, kitambaa kimelala juu yake. Akamwachia baba mdogo. Akanusa.

"Hii ni nini?"

Baba mdogo akajisogeza ukutani.

"Nauliza, nani amepaka hapa?"

Nilimwona mama akivuta pumzi kujibu. Nilimwona usoni: hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa amefurahi kuulizwa.

Mimi ambaye neno hapana hugeuka kooni, mimi ninayenong'ona sokoni, nilisikia sauti yangu ikijaza chumba kizima.

"Mimi!"

Wote wakanigeukia. Baba mdogo mdomo wazi, ameegemea ukuta.

"Mimi ndiye niliyepaka," nikasema. "Tangu wakati wa mama yako. Nilitaka ing'ae. Sikujua. Ni mimi peke yangu. Kama ni polisi, twende, niko tayari, twende sasa hivi."

Binti wa fundi cherehani alinitazama kwa muda, kama anayepima kitambaa kabla ya kukikata. "Wewe? Wewe uliyenipigia simu jana usiku nije nimkamate mtu?"

Sikuwa nimelifikiria hilo.

"Ni mimi," nikarudia, lakini sauti ilikuwa imeanza kurudi kwenye unong'ono wake.

Ndipo mama akacheka. Alicheka kwa upendo, akajikongoja kuinuka huku ameshika kiuno, akaniwekea mkono begani.

"Msimsikilize, anadanganya. Huyu hata mshumaa hajui kuuyeyusha." Akainyooshea sakafu mkono, jinsi alivyokuwa akiwaonyesha majirani zamani. "Kazi hii ni ya mikono yangu. Si imependeza?"



Binti wa fundi cherehani akautua mkoba wake chini, polepole. Akachuchumaa, akakipitisha kiganja juu ya kigae, akakitazama kiganja chake. Aliponyanyua uso, zile hasira nilizozizoea hazikuwepo. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulinitisha kuliko kelele zake zote.

"Mama," akamwambia mama yangu, "hebu nieleze vizuri. Ulianza lini kuipaka?"